Nyumba Isiyowashwa Moto

Uthiru,
7 Machi 1971

Baba Shem,

Nyumba imekwisha. Nimeanza na hilo kwa sababu najua salamu ungeziruka ukilitafuta. Haya, sasa rudi nyuma usalimiwe: hujambo? Sisi huku hatujambo, Shem alikuja Jumapili kutoka Kilimani na bado ananenepa kwa chakula cha mwajiri wake.

Jana fundi Mwendwa alipachika mlango. Aliufungua na kuufunga mbele yangu, akaufungua tena, mpaka nikamwambia baba wee, utauchosha kabla wenyewe hatujautumia. Yale mabanzi ya mbao uliyotuma na lori la Kivuva yametosha kuta zote, na mabati yamefika hadi jikoni. Ukisimama mlangoni unaiona barabara ya Nakuru na malori yakipanda. Hakuna ukungu. Asubuhi naamka bila kukohoa, na yule daktari aliyesema msitu ndio unaokula kifua changu naona alisema kweli.

Ila mimi ni kichekesho cha Uthiru nzima. Mchana nafagia nyumba yangu, jioni nafunga mlango wangu, halafu nakwenda kulala kwenye jiko la Wahu, juu ya magunia. Wahu ndiye aliyetuuzia hii ploti, watu wake wamekaa hapa tangu zamani, na hajawahi kuona maajabu kama haya. Nikamweleza: mama, kwetu nyumba mpya hufunguliwa na mume. Yeye ndiye anayewasha moto wa kwanza, na usiku wa kwanza analala humo na mkewe. Mke akiwasha moto akalala peke yake, amejitangaza mjane. Mume aliye hai akija kulala baadaye anaingia nyumba ya maiti, na maiti ni yeye mwenyewe. Wahu alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniuliza, kwani ninyi mlijenga ili muilinde kutoka nje?

Kwa hiyo njoo. Kazi ya serikali uliimaliza Desemba, huyo kijana uliyeachiwa umfundishe miche amefundishika vya kutosha. Panda lori la Kivuva Jumamosi, uje na jogoo wako na kaa la moto kwenye kopo, tuifungue nyumba yetu kabla mvua haijaanza. Nina hamu nawe, na usimwambie mtu nimeandika hivyo.

Mimi,
Philister

*

Kambi ya Mianzi,
15 Machi 1971

Mama Shem,

Barua yako Kivuva ameileta. Nimefurahi kwamba mlango umesimama. Mwambie Mwendwa asiache misumari ya mabati bila lami, maji yatapita hapo.

Jumamosi haiwezekani. Miche ya saipresi iliyo kitaluni imepigwa na baridi kali na lazima ipandikizwe upya. Kijana aliyeletwa anaifukia mpaka shingoni. Bwana Msitu ameniomba nikae kidogo mpaka mambo yatengemae, na mimi sikuweza kumkatalia mtu tuliyefanya naye kazi miaka yote hiyo.

Vumilia. Chimba mtaro nyuma ya nyumba, upande wa mlima, usiwe chini ya goti. Moto usiwashe. Usilale humo. Hata mvua ikinyesha mawe, usilale humo. Unanijua, mimi si mtu wa ushirikina na kanisani naenda, lakini kuna mambo hayajaribiwi.

Jogoo hajambo.

Mumeo,
Zedekiah Were

*

Uthiru,
29 Machi 1971

Baba Shem,

Jogoo hajambo! Nimesubiri barua mpaka macho yakaniuma barabarani, na habari niliyoletewa ni ya jogoo.

Nikuulize jambo. Mwandiko wako una nini? Wewe uliyekuwa ukiandika vibao vya kitalu kwa herufi zilizosimama wima kama askari, sasa mistari inaporomoka ukingoni mwa karatasi. Umeandikia wapi, kitandani? Na kwa penseli? Unaumwa? Kama unaumwa sema, nitapanda lori nije.

Nilimuuliza Kivuva. Nilimuuliza wazi, Baba Shem yuko vipi? Kivuva ambaye mdomo wake haufungwi tangu Limuru mpaka Nairobi, siku hiyo akaanza kukagua magurudumu. Akasema, "Mzee yuko, mama. Yuko tu." Yuko tu! Hata jiwe liko tu.

Tena kuna maneno mengine yamenifikia. Mke wa Mwendwa ana dada yake huko kambini kwenu. Anasema Syokau siku hizi anaonekana kwako asubuhi na jioni na sufuria. Mimi Syokau namjua, ni mjane wa watu, alilia begani kwangu alipofiwa na nikampa blanketi langu. Sitaki kufikiri vibaya. Lakini tangu lini umeshindwa kujipikia? Nilipokwenda kwetu kwenye matanga ya mama ulijipikia mwezi mzima, na niliporudi ukanisimulia namna ulivyopika vizuri kuliko mimi.

Mvua imeanza. Wahu ananitunza vizuri, usiwe na wasiwasi na mimi. Mtaro nimechimba mwenyewe, umenifika gotini kama ulivyotaka. Sasa sababu ya miche imekwisha, kwa sababu mvua ikishanyesha hakuna baridi ya kuua miche, hilo hata mimi nalijua, nimelala na mtu wa miche zaidi ya nusu ya maisha yangu.

Sema ukweli, uje.

Philister

*

Kilimani,
4 Aprili 1971

Mpendwa Baba,

Nakuandikia bila Mama kujua. Natumaini u mzima. Mimi na kazi yangu ya upishi hatujambo.

Baba, Mama hakuambii. Jiko la Wahu linavuja. Nilikwenda jana mchana nikamkuta anakausha blanketi kwenye ua, mara mvua, mara jua, na alikuwa anakohoa kile kikohozi cha msituni ambacho ndicho kilichotutoa huko. Anasema kwa sasa analala akiwa ameketi, mgongo kwenye gunia la mahindi, kwa sababu upande mwingine wote ni maji. Na hatua chache kutoka hapo nyumba yake ni kavu, imefungwa kwa kufuli.

Kwangu hawezi kulala. Kwanza chumba ni cha mwajiri na hataki wageni. Pili hata angekubali, wewe na Mama mmetufundisha kwamba mama halali chumbani kwa mwanawe mwenye mke. Basi kila upande kuna mwiko, na katikati ya miiko yote kuna mama yangu anayekohoa.

Huu ni mwaka wa sabini na moja. Ama uje, ama umpe ruhusa alale humo. Usipofanya lolote nitauvunja mlango mwenyewe na kuwasha moto kwa mkono wangu, halafu wazee waniambie mimi ni mjane wa nani.

Nisamehe kwa ukali wa maneno.

Mwanao,
Shem

*

Kambi ya Mianzi,
12 Aprili 1971

Shem,

Leo ni Jumatatu ya Pasaka na mimi nimekuwa nikikutukana kimoyomoyo tangu asubuhi. Kijana anayemwandikia baba yake "ama, ama" anahitaji kukumbushwa ni nani aliyemnunulia viatu vya kwanza. Mlango ule usiuguse.

Sasa keti chini usome. Utakayosoma hapa yasitoke mdomoni mwako.

Wiki ile mama yako alipomaliza nyumba, gogo lilifunguka kwenye mnyororo wa trekta likabingirika. Nilikuwa upande wa chini. Lilinivunja mfupa wa muundi, mguu wa kulia. Walinipeleka hospitali, nikafungwa plasta mpaka juu ya goti, nikarudishwa kambini. Nalala chali. Naandika hivi karatasi ikiwa juu ya sinia, na sinia juu ya kifua. Syokau ananiletea chakula na kunitolea maji, kwa sababu asema mama yako alimsitiri alipofiwa. Hayo ndiyo yote kati yangu na Syokau, na kama kuna mtu mwenye maneno mengine mlete nimpige na gongo.

Utauliza kwa nini simwambii. Nikimwambia, kesho yake yuko hapa. Ataketi kando ya kitanda hiki kwenye ukungu huu anipake dawa, na kifua chake hakitauona mwezi wa Agosti. Mimi mguu utapona. Kifua chake hakiponi huku. Nimemjengea nyumba aishi, sikumjengea aikimbie.

Na jambo la pili. Waliniambia Kivuva na vijana wanaweza kunibeba, wanitie kwenye lori, waniteremshe Uthiru, wanivushe mlango mgongoni. Nilikataa. Mwanamume hafungui nyumba yake akiwa amebebwa. Anayebebwa kuingia nyumbani mbele ya majirani wanaotazama, tunajua huyo ni maiti. Nitaingia kwa miguu yangu, nikiwa nimeshika moto wangu. Plasta inaondolewa mwanzoni mwa Mei. Mpaka hapo mtafutie mama yako mahali pakavu, zungumza na kanisa, zungumza na Mwendwa, fanya kama mwanamume.

Kivuva nimemwapisha. Wewe pia nakuapisha.

Baba yako,
Z. Were

*

Kambi ya Mianzi,
12 Aprili 1971

Mama Shem,

Pasaka njema. Kazi imeongezeka kidogo. Naja Mei bila kukosa. Maneno ya watu yaache kwa watu. Usilale ndani.

Mumeo,
Zedekiah Were

*

Uthiru,
26 Aprili 1971

Zedekiah,

Unaona, nimekuita jina lako. Tangu unioe sijalitamka, wala sijaliandika. Leo naliandika kwa sababu jina la marehemu linaruhusiwa kutajwa.

Nimelala ndani. Nimewasha moto.

Nitakueleza ilivyokuwa, usije ukasimuliwa na wengine. Alhamisi ukuta wa jiko la Wahu ulianguka. Mvua ilikuwa imeula kutoka chini, ukajimwaga wote upande wangu, nikaokolewa na magunia tu. Wahu alikuja mbio, akanivuta mkono, akaniambia njoo ndani kwangu, lakini ndani kwake yuko binti yake na watoto na mkwewe, watu wanalala mpaka chini ya meza. Nikasimama uani na blanketi langu limejaa matope.

Wakati huo lori la Kivuva likapita likielekea mjini. Nikakimbilia barabarani nikaliinulia mikono kama mwendawazimu. Akasimama. Nikamwambia, Kivuva, kwa jina la Mungu, kwa nini mume wangu haji? Unajua alinijibu nini? Akasema, "Mama, mimi niliapishwa. Muulize Syokau, yeye ndiye anayekaa naye." Halafu akatazama usukani. Nilimwona kwa macho yangu akiona haya kwa ajili yako.

Yeye ndiye anayekaa naye.

Basi. Nilirudi, nikafungua kufuli. Bado ilikuwa mchana, watu wakipita, sikujificha. Nikaomba kiberiti kwa Wahu. Wahu huyu aliyenicheka, safari hii hakucheka, alikuja mpaka mlangoni akanishika bega akasema, "Philister, una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili ikashika. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, nimo katika Umoja wa Akina Mama, nimewaambia wengi kwamba Yesu alishayamaliza hayo yote. Lakini ule moto uliposhika kuni nilipiga magoti nikalia kama watu wanavyolia matangani, kwa sauti, mpaka watoto wa Wahu wakaja kuchungulia.

Halafu nikalala. Palikuwa pakavu. Nakwambia hilo pia, palikuwa pakavu sana, na nilikuchukia kwa sababu nililala vizuri.

Kwa hiyo usije tena. Ukija kulala hapa unakuja kufa, wewe mwenyewe ndiye uliyenionya. Heri niwe mjane wa mtu niliyemzika kwa mkono wangu kuliko mke wa mtu anayelishwa na Syokau huku akiniandikia habari za jogoo. Umenifanya mjinga mbele ya watu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nililinda mlango kwa ajili yako kwenye mvua yote ile.

Philister

*

Kilimani,
2 Mei 1971

Mama,

Kivuva amenipitia leo kazini, akaniita langoni. Ameniambia alichokuambia barabarani na ulichofanya, naye analia, mwanamume mzima. Anasema alitaka kusema kweli na asivunje kiapo, ikatoka hivyo.

Mama, mguu wa Baba umevunjika. Gogo lilimwangukia mwezi wa tatu. Amelala na plasta mpaka juu ya goti, ndiyo maana mwandiko wake umelala. Syokau anampikia na kumtolea maji basi, kwa ajili ya wema uliomfanyia wewe. Baba alificha kwa kuogopa utarudi msituni na kifua chako, na pia alisema hataki kuingia nyumbani kwake akiwa amebebwa. Alinikataza kusema. Nilikwenda kanisani kukutafutia mahali, wakaniambia nirudi baada ya wiki, nikasubiri. Ningesema mapema usingewasha ule moto. Najua.

Kivuva anasema alimkabidhi Baba barua yako mkononi. Akaisoma, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Tangu siku hiyo anakula kidogo sana, na jirani wakimsalimu anajibu kwa kichwa.

Nitakuja Jumapili. Nitukane ukitaka, ila usiache kunifungulia.

Shem

*

Uthiru,
4 Mei 1971

Baba Shem,

Nimeandika karatasi tatu na kuzitia motoni. Hii ya nne naituma hata ikiwa mbaya.

Mguu! Mguu, Baba Shem! Kwani mguu ni aibu? Kwani mimi ni nani kwako, mpangaji? Nilizaa watoto wako, nikawazika wawili na wewe, tukachimba kaburi la Lornah kwa jembe moja tukipokezana, na bado kuna kitu cha mwili wako usichoweza kunionyesha? Wewe ni mjinga. Nimekaa nikilia na kukutukana kwa pamoja, Wahu hajui anipe maji au anifunge kamba.

Na mimi je? Wewe ulilala na mfupa uliokatika, na mimi nikakuzika. Nikakuita jina. Kila neno nililoandika kwenye ile barua naliona sasa mbele ya macho yangu, na wewe ukilisoma umelala chali.

Nimekwenda Kinoo kwa yule mzee wa kwetu anayejua mambo haya. Nilitumaini atasema hilo si kitu. Akaniuliza, "Moto uliwasha wewe? Ukalala?" Nikasema ndiyo. Akasema nyumba hiyo sasa ni ya mjane, haitakuwa nyingine, na Were akilala humo kama mume wako, hatamaliza mwaka. Nikamuuliza dawa. Akasema dawa ni kuibomoa ijengwe upya mahali pengine.

Sina cha kujengea upya, nawe huna, hilo sote tunalijua. Lakini nimeamua. Mwendwa anakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili na nyundo. Tutang'oa mabati kwanza, kisha mabanzi, tuyafunge, na Kivuva atayapandisha yote huko juu pamoja na mimi. Nitakaa na wewe kambini mpaka watufukuze. Kifua kitajua chenyewe. Usibishane na mimi, sikuulizi. Nyumba kavu isiyokuwa na wewe nimeshailalia, na najua sasa ilivyo.

Mama Shem

*

Kambi ya Mianzi,
12 Mei 1971

Kwa mama mjane wa Uthiru,

Nakusalimu kwa heshima. Hunifahamu. Mimi ni mzee mmoja wa huku msituni, mwendo wangu ni wa gongo, mguu wa kulia umepinda na daktari amesema utabaki hivyo. Sina sura ya kusifia. Nimekaa kitandani muda mrefu na mgongo umeota vidonda.

Nimesikia umefiwa. Pole sana. Huyo Zedekiah Were nilimfahamu vizuri, na nilikuwapo siku aliyokufa. Alikufa mwezi wa tatu, chini ya gogo. Usimsikilize anayesema vingine. Waliomwinua walidhani wamemwinua mzima, lakini yule aliyekuwa akitembea wima na kuwaamrisha watu na miche alibaki pale pale kwenye majani. Nitakuambia kasoro zake kwa kuwa wafu hawashtaki. Alikuwa mwongo wa mambo madogo. Alikuwa na kiburi cha kijinga. Aliona ni afadhali mkewe aloe mvua kuliko majirani wamwone yeye akishikwa kwapa. Alipopata barua yako ya mwisho, ile iliyomtaja jina, kilichobaki kwake nacho kilikufa. Nilimzika mwenyewe. Hakukuwa na watu wengi.

Sasa nije kwenye haja yangu. Nyumba yako ni ya mjane, mzee wa Kinoo amesema kweli na simbishii. Lakini mwulize jambo moja ambalo hukumwuliza. Kwetu mke akifiwa, je, hafuatwi nyumbani kwake na mtu wa ukoo wa marehemu amrithi? Je, mtu huyo halali humo humo, kwenye nyumba ya mjane, bila dhambi na bila dawa? Mwulize. Atakubali, maana kazi yake ni kukubali hilo, amewakalisha wajane wengi hivyo.

Mimi ni wa ukoo wa marehemu. Wa karibu. Nimetafuta wa karibu zaidi yangu sikumpata.

Najua mjane ana haki ya kukataa, na wewe una sababu nyingi. Nguo zake zinanitosha, ila suruali zitakatwa. Sina mali, sina ng'ombe, na usiku nakoroma. Nitakachokuahidi ni kwamba nikiumwa nitasema naumwa. Naogopa, mama. Naogopa tangu niliposoma ile barua, na sikuwa na mtu wa kumwambia kwa sababu mtu wa kumwambia ndiye aliyeiandika.

Mwendwa akija na nyundo Jumamosi hiyo, mwombe asubiri kidogo. Nitateremka na lori la Kivuva. Nitabisha hodi kama mgeni. Usiponifungulia nitaelewa, nitarudi na lori hilo hilo.

Mimi nisiyejulikana kwako,
Mzee wa gongo

*

Uthiru,
16 Mei 1971

Kwa mzee wa gongo,

Barua yako imefika. Wahu alitaka kujua kwa nini nacheka na kulia barabarani mbele ya watu, nikamwambia nimepata posa. Akasema upesi hivi?

Nimekwenda Kinoo. Mzee aliisikiliza hoja yako yote, akafumba macho, nikadhani amelala. Halafu akasema mjane kuchukuliwa na mtu wa ukoo ni sawa, hakuna wa kupinga. Akaniuliza jina la huyo mtu wa ukoo. Nikamwambia ni mgeni, hajawahi kufika kwangu, anachechemea. Akanitazama usoni, akasema, "Basi mwambie asichelewe." Mwendwa nimemwambia aache nyundo nyumbani, aje kula.

Mimi nami nina masharti, kwa kuwa siku hizi naombwa. La kwanza, marehemu usimseme vibaya tena. Alikuwa na kiburi, ndiyo, lakini kilikuwa kiburi changu mimi, nilikizoea, na nilimpenda. Nilimpenda hata siku ile niliyomzika. Ukimtukana chini ya bati langu utalala nje.

La pili ni hili. Mlima wa kutoka barabarani mpaka mlangoni umejaa utelezi na gongo lako halitakusaidia. Majirani wote watakuwa wametoka kutazama, najua, maana Wahu ameshawatangazia. Wewe teremka kwenye lori, unishike shingo, uache kupigana nami mbele za watu. Nitakubeba mimi.

Philister